Manchester ya New Hampshire: Mji wa Pamba Ulioanzisha Mashindano ya Roboti

Msafiri anayetoka Boston kwa basi na kuelekea kaskazini hutumia takriban saa moja kabla ya kuuona mji wa Manchester, katika jimbo la New Hampshire. Si mji mkubwa kwa kipimo cha Marekani. Wakazi wake ni takriban 115,000, nao si makao makuu ya jimbo, kwani hadhi hiyo ni ya mji wa Concord. Kinachomsimamisha mgeni ni mto Merrimack na majengo yaliyopangwa kando yake. Ni majengo marefu ya matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, yenye safu za madirisha ambazo jicho huchoka kuzihesabu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa viwanda vya pamba vya kampuni ya Amoskeag, na ndani ya moja ya majengo hayo leo yamo makao ya taasisi iliyoanzisha mashindano ya roboti kwa wanafunzi wa sekondari.

Makala haya yanauzungumzia mji huo na mashindano hayo kwa pamoja, kwa sababu historia ya mji ndiyo inayotufahamisha thamani ya kilichozaliwa humo. Swali linalotuhusu sisi wazazi, walezi na walimu ni hili: je, kijana anaweza kufundishwa kushindana kwa nguvu zake zote bila ya kumchukia anayeshindana naye?

Tuanze na mto. Mahali hapa Merrimack huanguka kwa maporomoko, na wenyeji wa asili walipaita Amoskeag, jina linaloelezwa kuwa na maana ya mahali penye samaki wengi. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliona jambo jingine katika maji yale: nguvu ya kuzungusha mashine. Mji ulikuwa umekwisha kupewa jina la Manchester mwaka 1810, kwa kuufuata mji wa viwanda wa Uingereza, na kampuni ya Amoskeag ilisajiliwa mwaka 1831. Ilichimba mifereji ya kuyaongoza maji, ikajenga viwanda, ikajenga na nyumba za wafanyakazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nguo duniani, yenye wafanyakazi wapatao 17,000. Walitoka Ireland, Ugiriki, Poland na hasa Quebec ya Kanada.

Miongoni mwao walikuwamo watoto. Mwaka 1909 mpigapicha Lewis Hine, aliyekuwa akizunguka Marekani kukusanya ushahidi wa ajira za watoto, alifika Manchester akawapiga picha wakiingia na kutoka viwandani. Picha zake zingali zimehifadhiwa. Ni nyuso za watoto waliostahili kuwa darasani, wamesimama mbele ya kuta zilezile ambazo msafiri wa leo huzipita akielekea kunywa kahawa. Katika zama zile mtoto alikuwa mkono wa ziada wa mashine. Mashine ilipoenda mbio, naye alitakiwa aende mbio, na hakuna aliyemwuliza ana fikra gani.

Ndugu msomaji wa pwani asidhani kuwa habari hizi haziko karibu naye. Kitambaa cheupe cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani kilipata jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani, katika viwanda vya eneo hili la kaskazini mashariki linaloitwa New England. Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyezaliwa Portsmouth, bandari ya jimbo hili la New Hampshire, alifika Unguja katika miaka ya 1820, na mwaka 1833 akatia saini pamoja na Sayyid Said mkataba wa biashara baina ya Marekani na dola ya Oman na Zanzibar. Majahazi ya bandari ya Salem yakaleta merikani, yakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ilifika bara pamoja na misafara, ikatumiwa kama fedha. Tukumbuke pia kwamba pamba iliyosokotwa New England kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 ilichumwa kwa mikono ya watumwa katika majimbo ya kusini. Kwa hiyo, utajiri wa viwanda hivi ulibeba jasho la watu wengi ambao hawakupata hata sehemu ndogo ya faida yake.

Dola ya pamba haikudumu. Viwanda vya majimbo ya kusini vilianza kuuza kwa bei nafuu zaidi; Amoskeag ikapunguza ujira na kuongeza saa za kazi; na mwaka 1922 wafanyakazi wakagoma kwa miezi tisa. Mwaka 1935 milango ilifungwa, na mwaka uliofuata mto ukafurika na kuyaharibu majengo. Mji ulikuwa karibu kufa. Ndipo watu wa Manchester wenyewe walipokusanya dola milioni 5 wakayanunua majengo, wakayagawa kwa biashara ndogondogo ili wananchi wapate riziki. Lau wangeliacha kila mtu ajiokoe peke yake, huenda leo pasingekuwa na cha kutazamwa.

Katika miaka ya 1980 mvumbuzi Dean Kamen alihamishia kazi zake katika majengo hayo. Huyu ndiye aliyebuni pampu ndogo ya kumtia mgonjwa dawa kidogokidogo, kisha kiti cha magurudumu kinachoweza kupanda ngazi. Jambo moja lilimsumbua. Vijana wa nchi yake waliwajua kwa majina wachezaji wa mpira wa kikapu na waimbaji, wala hawakuweza kumtaja mhandisi hata mmoja. Hakuona kwamba vijana wamekosa akili. Aliona kwamba jamii hushangilia inachokithamini, na mtoto hukifuata kinachoshangiliwa. Mwaka 1989 akaanzisha taasisi ya FIRST, na shabaha yake ikawa kuipa sayansi uwanja, refa, washangiliaji na vikombe kama ilivyo kwa michezo.

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 papa hapa Manchester, katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari ya Memorial. Timu zilikuwa 28. Uwanja ulitandazwa punje za mahindi makavu, na roboti zilitakiwa zipite juu ya punje hizo zikikusanya mipira ya tenisi. Anayejua jinsi gurudumu linavyoteleza juu ya nafaka ataelewa kwa nini waandaaji walichagua mahindi. Mtihani ulikuwa mwepesi kuuelezea na mgumu kuutenda. Leo timu zinazoshiriki ni maelfu, na fainali za kila mwaka hujaza kumbi kubwa.

Aliyesaidia kuyapa mashindano haya roho yake ni Woodie Flowers, mzaliwa wa Louisiana na mwalimu wa uhandisi katika chuo cha MIT, aliyefariki mwaka 2019. Kwa miaka mingi alifundisha somo ambalo kila mwanafunzi alipewa sanduku la vitu mchanganyiko, akatakiwa aunde mashine, kisha aishindanishe na za wenzake mbele ya umati. Mwalimu huyo aliona darasani mwake jambo ambalo wengi hulidhani haliwezekani: mwanafunzi anashindana kufa na kupona, na papo hapo anamwonesha jirani yake namna ya kukaza mnyororo wa mashine yake. Akaupa mwenendo huo jina ambalo kwa lugha yetu tungeliweza kuliita utaalamu wenye murua. Maana yake ni kwamba bidii ya kutafuta ushindi na heshima kwa mpinzani hukaa katika moyo mmoja bila kugombana.

Maneno kama haya ni mepesi kuyaandika ukutani. Yafaa tutazame yanavyotendeka.

Mwanzoni mwa Januari kila mwaka, mchezo mpya hutangazwa kwa timu zote kwa wakati mmoja. Hakuna anayejua mapema. Vijana, wakisaidiwa na wahandisi na walimu wanaojitolea, huwa na wiki chache za kubuni, kuunda na kuijaribu roboti yenye uzito unaopita kilo 50. Siku ya mashindano ukumbi hugawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ni uwanja wenye taa, marefa na kelele za washangiliaji. Upande wa pili ni safu za vibanda vya matengenezo, kila timu na kibanda chake, na kila anayeingia huvaa miwani ya kukinga macho. Mgeni asiyejua aghalabu hukimbilia uwanjani. Mwenye kutaka kujifunza tabia za watu na akae vibandani.

Huko vibandani ndiko roboti zinakorudi zimevunjika mkono, zimekatika waya au zimeunguza mota, na mechi ijayo haiko mbali. Timu iliyopungukiwa hupeleka haja yake mezani kwa waandaaji, nao huitangaza kwa kipaza sauti: timu fulani inahitaji betri, au gia, au mtu anayeifahamu programu fulani. Aghalabu haichukui muda kabla ya kijana wa timu nyingine kutokea na kitu mkononi. Huenda timu hiyo ndiyo itakayokutana nao uwanjani baada ya nusu saa. Anajua hivyo, naye analeta. Kanuni yao ni kwamba kumshinda mtu ambaye roboti yake imekufa kibandani si ushindi wa kujivunia.

Mchezo wenyewe nao umepangwa ili tabia hiyo iwe na mizizi. Uwanjani huingia timu tatu zikiwa muungano mmoja dhidi ya timu tatu nyingine, wekundu kwa buluu, na mechi nzima huchukua kama dakika mbili na nusu. Katika sekunde chache za mwanzo roboti hujiendesha zenyewe kwa programu zilizoandikwa na vijana. Baadaye madereva hushika usukani. Katika mechi za awali miungano hupangwa na waandaaji na hubadilika kila mechi. Aliye mpinzani wako asubuhi huwa mwenzako adhuhuri. Ukimficha bisibisi asubuhi, adhuhuri utaingia uwanjani na mshirika mbovu uliyemharibu mwenyewe. Tena, timu zinazoongoza ndizo zinazochagua washirika wa kuingia nao katika hatua ya mtoano. Kwa hiyo, kila timu huweka vijana jukwaani wa kuandika yale ambayo kila roboti imefanya, na jina jema linalopatikana vibandani huwa na thamani siku ya uchaguzi.

Waandaaji wamefika mbali zaidi. Mwaka 2010 waliweka hesabu ambayo mshindi wa mechi za awali aliongezewa mara mbili ya alama za aliyeshindwa. Aliyemponda mpinzani mpaka asipate kitu alijipunguzia mwenyewe. Aliyeshinda katika mechi ngumu dhidi ya mpinzani hodari alipanda juu. Mwaka 2012 waliweka daraja la kupembea katikati ya uwanja. Roboti ya wekundu na ya buluu zikipanda pamoja na kulisawazisha, pande zote mbili zilipata alama za ziada zilizokuwa sawa na za kushinda mechi. Hebu fikiri: vijana wamepambana kwa dakika mbili, kisha katika sekunde za mwisho wanaelekea daraja moja, kila mmoja akimhitaji mwenzake asiteleze.

Na tuzo inayoheshimiwa kuliko zote haitolewi kwa roboti iliyofunga alama nyingi. Hutolewa kwa timu iliyoacha athari njema katika jamii yake, ikafundisha wadogo, ikasaidia shule nyingine kuanzisha timu, ikawa kielelezo. Ipo pia tuzo yenye jina la Woodie Flowers, inayotolewa kwa mlezi, na wanaompendekeza ni wanafunzi wenyewe.

Insafu yataka tuseme na upande wa pili. Mashindano haya ni ghali. Ada ya kuingia pekee ni maelfu ya dola, na bado hujanunua mota wala chuma. Zipo shule zenye karakana kamili na wadhamini wakubwa, na zipo zinazounda roboti zao katika chumba cha darasa baada ya masomo. Ukarimu wa kuazimana vipuri hauliondoi pengo hilo. Hulipunguza makali tu. Wala vijana hawa si malaika. Wamo wanaonuna wakishindwa, wamo wazazi wanaomlaumu refa, wamo walezi wanaoishika spana wenyewe badala ya kumwachia mtoto. Lakini tofauti ni kwamba hapa mwenye kununa anajua kuwa amekwenda kinyume na ada ya mahali, na wenzake humkumbusha. Mwenendo mwema umewekwa kuwa ndiyo desturi, na anayeuvunja ndiye anayeonekana mgeni.

Manchester yenyewe imebadilika tangu siku ya punje za mahindi. Viwanda vya zamani vimejaa ofisi, vyumba vya madarasa ya vyuo, mikahawa na maabara. Katika jengo moja la barabara ya Bedford limo jumba la makumbusho ya viwanda, na pia kituo cha sayansi ambamo eneo zima la Amoskeag la zamani limeundwa upya kwa vitofali vya Lego vinavyokadiriwa kuwa milioni 3. Watoto huinama juu ya viwanda vidogo, wakawaona watu wadogo wa plastiki wakienda kazini mahali ambapo watoto wa kweli walikwenda. Mitaani nako mgeni wa kutoka kwetu anaweza kushtuka kusikia Kiswahili. Manchester imepokea wakimbizi kutoka Kongo, na pia Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao wameihifadhi lugha ya Kizigua tangu babu zao walipochukuliwa utumwani kutoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Mji uliopokea wafumaji wa Ugiriki na Quebec unaendelea kupokea.

Kama watu wa mbali walivyofika Manchester, ndivyo na mashindano yalivyotoka Manchester kwenda kwa watu wa mbali. Mwaka 2017 Kamen na wenzake waliwaita vijana wa zaidi ya nchi 150 mjini Washington kwa mashindano ya kwanza ya dunia yanayoitwa FIRST Global. Kila nchi ilipewa sanduku la vifaa vilevile, ili tofauti ya fedha isiamue matokeo kabla ya mchezo kuanza. Mchezo wa mwaka ule ulihusu maji safi: roboti zilitenganisha mipira iliyowakilisha maji na ile iliyowakilisha uchafu. Yalifanyika katika ukumbi wa Constitution Hall, ambao mwaka 1939 wenyewe walimkatalia mwimbaji Marian Anderson kuimba humo kwa sababu ya weusi wake. Katika ukumbi uleule vijana wa Afrika waliingia na bendera zao.

Mlango haukufunguka kwa wote kwa wepesi. Wasichana sita kutoka Herat, Afghanistan, walinyimwa viza mara mbili, ilhali walikuwa wamesafiri hadi Kabul kuiomba, na vifaa vyao vya roboti vilicheleweshwa. Hatimaye, baada ya dunia kupaza sauti, rais wa Marekani aliingilia kati wakaruhusiwa siku chache kabla ya mashindano. Waliingia ukumbini wamejisitiri kwa hijabu zao, wakashindana, wakatunukiwa medali ya fedha ya ushujaa. Kisa hiki kinatufundisha kwamba uungwana wa ndani ya ukumbi hautoshi ikiwa wengine wamezuiliwa nje. Mwenye kuandaa mashindano ya haki huanza na swali la nani hakuweza kufika, na kwa nini. Miaka miwili baadaye, mwaka 2019, mashindano hayo yalifanyika Dubai, na mada ilikuwa kusafisha bahari, jambo ambalo kijana wa pwani yoyote analifahamu bila kufasiriwa.

Turudi sasa kwetu. Wazee wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaitaja methali hii mara nyingi tunapomtuliza aliyeshindwa. Mara chache tunajiuliza inamdai nini mshindi. Tunayo mashindano mengi ya vijana: ya mpira, ya mijadala, ya hisabati na sayansi, ya kuhifadhi Qur'ani katika mwezi wa Ramadhani. Katika mengi ya hayo tumezoea kuwatuza wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha tukakunja mikeka tukaenda nyumbani. Aliyemsaidia mwenzake kusahihisha kosa, aliyeazima daftari lake, aliyekaa na mgeni asiyejua ukumbi, huyo hana safu katika karatasi za majaji wetu.

Hakuna haja ya kungoja roboti ili tubadilike. Shule isiyo na mota wala kompyuta inaweza kuweka meza moja ya vifaa vya kuazimana siku ya mashindano. Kamati inaweza kupanga timu za mchanganyiko, mwanafunzi wa shule hii na wa shule ile upande mmoja, ili mpinzani wa leo awe mwenza wa kesho. Na inaweza kutenga tuzo moja, tena iwe ya heshima kuliko zote, kwa kijana ambaye wenzake wenyewe watamtaja kuwa aliwafaa, naye aitwe wa mwisho mbele ya hadhira, wakati watu wote wangali wamekaa. Mtoto aliyeko nyuma ya ukumbi atayaona hayo, na mwakani atajua ni nini kinachoshangiliwa kwetu.